Kengele iliyokwama: jinsi seli inavosikia na inavokosea kusikia

Mbukwenyi! Haya, wenyeji wameitika na wageni wamecheka, sio mbaya, ukikaa Dodoma mwaka mmoja na wewe utaitika. Shikamooni wazee wangu, asanteni kwa kuja Jumamosi hii na jua lilivo, na nyie wanafunzi mliokaa sakafuni sogeeni mbele kidogo maana nina kitu nataka mkione kwa karibu, sio cha kuonyesha ukutani, ni cha kushika.

Hii ni kengele ya geti. Ni ya kwangu, nimeing'oa nyumbani kwangu mtaa wa Kisasa jana jioni. Mnazijua hizi, kitufe kinakaa nje, waya unapita ukutani, spika inakaa sebuleni. Sasa mwaka jana mwezi wa nane, ule mda wa upepo, saa nane usiku ikaanza kulia na haikati. Nikatoka na tochi, getini hamna mtu, barabara nzima hamna mtu. Nikagusa kitufe, kimezama ndani hakirudi. Nikafungua kwa bisibisi nikakuta lile vumbi letu jekundu limeingia limeshikana na mafuta likawa kama udongo wa kufinyangia vyungu, na kale kaspringi kanakosukuma kitufe kirudi nje kamekandamizwa kabisa. Tazameni, wekundu bado upo hapa pembeni, pitisheni mkono kwa mkono. Alafu niliporudi ndani nikakuta taa zote zinawaka, watoto wamekaa kwenye kochi macho yamewatoka, mama yao kashabandika maji ya chai. Nyumba nzima imejiandaa kumpokea mgeni na mgeni hayupo. Na kila mtu mle ndani kafanya kazi yake vizuri, aliyewasha taa kafanya sawa, aliyebandika chai kafanya sawa, kosa lipo nje kwenye kitufe.

Hicho ndo kilichonileta leo. Mtu akiugua sisi tunauliza amekula nini, homoni zake zimepanda au zimeshuka, nani kamfanyia, yaani tunamtafuta mgeni aliyebonyeza kengele. Mara nyingi ni sawa kuuliza hivo. Ila kuna magonjwa ambayo mgeni hana kosa lolote, kitufe chenyewe ndo kimeharibika, na ukiendelea kumtafuta mgeni utamtesa mtu asiye na hatia na dawa utakayotoa haitasaidia chochote.

Seli zetu, na tunazo zaidi ya trilioni 30, kila moja imezungukwa na ukuta laini wa mafuta. Ujumbe mwingi unaozunguka kwenye damu hauwezi kupenya huo ukuta, insulini haiwezi, adrenalini haiwezi. Kwa hiyo seli imeweka vitufe vyake nje, tunaviita vipokezi, hospitali wengine wanasema risepta. Kipokezi ni protini, kichwa kipo nje kinangoja, kiuno kimepita katikati ya mafuta, miguu ipo ndani. Ujumbe ukikaa kichwani, miguu kule ndani inabadilika umbo, na kilichokaa karibu na miguu kinashtuka, kinamshtua mwenzake, mwenzake anamshtua wa tatu, mpaka habari inafika kwenye kiini cha seli DNA ilipo na hapo ndo maamuzi yanatoka, gawanyika, acha kugawanyika, ingiza sukari, tulia, kufa.

Msururu mmoja maarufu sana, wanafunzi andikeni huu, unaanza kwenye kipokezi unaenda kwa RAS, hawa wote nitakaowataja ni protini za ndani ya seli, RAS anamwamsha RAF, RAF anamwamsha MEK, MEK anamwamsha ERK, na ERK ndo anaingia kwenye kiini. Kuanzia RAF kushuka wanabandikana fosfati, kipande kidogo tu cha kemikali, ni kama watu waliojipanga mstari kutoka kisimani wanapokezana ndoo kuzima moto. Na vipokezi vyenyewe ni familia nyingi, ile kubwa kuliko zote ina karibu 800 kwa binadamu, wale ambao kiuno chao kinapita ukuta mara saba, Robert Lefkowitz na Brian Kobilka walipata Nobel ya kemia mwaka 2012 kwa kazi yao juu ya hao. Kama theluthi ya dawa zinazouzwa zinafanya kazi kupitia familia hiyo. Leo sitakaa nao sana, nataka wale wa ukuaji.

Sasa kila kipokezi kimeandikwa kwenye jeni, na jeni ni maandishi ya herufi nne tu yaliyopangwa kwa urefu. Herufi ikikosewa wakati wa kunakili ndo tunasema mutesheni. Nyingine hazina madhara, hata hutajua unazo. Nyingine zinamfanya kipokezi awe kiziwi, ujumbe unakuja unagonga na kugonga yeye kimya. Nyingine zinafanya kama kengele yangu, anapiga kelele hamna aliyembonyeza. Na zipo zinazomfanya asikie ujumbe usiomhusu.

Nianze na nyumbani kwetu. Mama yangu mdogo anaishi kijijini, upande wa Kongwa. Alijifungua mtoto wa kiume, mtoto mzima wa afya, analia vizuri, ananyonya vizuri, ila mikono na miguu mifupi na kichwa kikubwa kidogo, paji la uso limetokeza. Huyo ni binamu yangu, leo ni fundi cherehani mwenye watoto wawili, na kaniruhusu kusema haya, jina tu ndo ameniomba niliache. Mama yake aliulizwa maswali kwa miaka. Ulimcheka nani ulipokuwa na mimba. Ulikula nini. Huyu mtoto ni wa nani. Kwenye zahanati moja akaambiwa ni zile sindano za uzazi wa mpango alizochoma kabla, akaenda nyumbani na hilo neno na mume akalishika, na ndoa ilikaribia kuvunjika. Mimi nilikuwa mdogo, nakumbuka nikimkuta amekaa nje ya jiko anachambua mlenda na machozi yanadondokea kwenye ungo. Baba mdogo hakuulizwa hata swali moja na mtu yeyote.

Hali ya binamu yangu inaitwa akondroplasia. Inampata mtoto mmoja kati ya kama 25,000 wanaozaliwa, dunia nzima, Ulaya, Asia, hapa kwetu. Mwaka 1994 watafiti wakaipata sababu yake, na ni jambo la kushangaza jinsi lilivo dogo. Kuna kipokezi kinaitwa FGFR3, jeni yake ipo kromosomu ya 4, protini yake ni mnyororo wa amino asidi 806, yaani vile vipande vidogo vinavyoijenga protini. Ya 380 inatakiwa iwe glisini, kwa hawa ndugu zetu imekuwa arjinini. Basi. Moja kati ya 806. Na karibu wote wenye hali hii duniani kosa lao lipo palepale, nafasi ya 380, ni nadra sana kupata kitu kinachojirudia hivo kwa usahihi.

Hiyo 380 ipo kiunoni, pale panapopita kwenye mafuta. Arjinini ina chaji ya umeme, na kitu chenye chaji hakipendi mafuta kama vile maji yasivopenda mafuta, kwa hiyo umbo la kiuno linavurugika. Na vipokezi vya aina hii vinafanya kazi viwili viwili, vinashikana jozi ndo vinawaka. Kwa mutesheni hii jozi inashikana kirahisi na haiachiani kwa wakati, na kipokezi hakiondolewi haraka kwenye ukuta kama inavotakiwa. Kitufe kimezama kidogo. Kinalia.

Hapa nawaomba mtulie, maana hata mimi chuoni nilipata shida hapa. Ukisikia kipokezi cha ukuaji kimekwama kwenye kuwaka, unategemea mtoto arefuke sana, si ndiyo? Binamu yangu ni mfupi. Kwa nini? Kwa sababu unatakiwa uulize hii kengele, kwenye nyumba hii, inasema nini. Kengele ya geti inasema fungua, kengele ya shule ikilia jioni inasema nendeni nyumbani, mlio unaweza kuwa uleule kabisa. Mifupa mirefu ya mtoto inarefuka kwenye ncha, palipo na gegedu, seli za gegedu zinagawanyika zinajipanga mistari zinavimba alafu zinageuka mfupa. FGFR3 kwenye hizo seli kazi yake ni breki, inasema inatosha, punguzeni. Kwa hiyo kitufe kinachosema punguzeni kikikwama, mfupa unapunguza kurefuka usiku na mchana kwa miaka yote ya utoto.

Na tunajuaje kwamba kweli ni breki? Kwa sababu upande wa pili nao upo. Wapo watu wachache sana ambao FGFR3 yao ni kiziwi, hao wamekuwa warefu kupita kawaida na wana shida ya masikio. Na wafugaji nisikilizeni, kuna kondoo aina ya Suffolk, wakipata nakala mbili za FGFR3 iliyokufa wanazaliwa na miguu mirefu imepindapinda kama ya buibui hata kusimama shida. Breki imekatika. Alafu kuna mutesheni nyingine kwenye kipokezi hichohicho, nafasi ya 650, inayokiwasha kwa nguvu zote, watoto wa hiyo kwa kawaida wanafariki wanapozaliwa au baada ya hapo kidogo. Kipokezi ni kimoja, tofauti ni kitufe kimezama kiasi gani.

Kuhusu lawama sasa. Watoto karibu 8 kati ya 10 wenye akondroplasia wanazaliwa na wazazi wenye kimo cha kawaida kabisa, yaani mutesheni ni mpya, imetokea kwenye mbegu moja. Na hizo mpya karibu zote zinatoka kwenye mbegu ya baba. Mbegu za kiume zinanakiliwa maisha yote, na umri wa baba unavosogea ndo uwezekano unavoongezeka. Sisemi hivo ili tuhamishe lawama kwa kina baba, hamna baba aliyechagua, kunakili herufi bilioni 3 mara kwa mara lazima kuna siku moja itakosewa. Nasema kwa sababu mwanamke mmoja alikaa nje ya jiko miaka kumi akijiuliza alimcheka nani.

Dawa je? Kuna dawa inaitwa vosoritidi, Ulaya na Marekani iliruhusiwa mwaka 2021, sindano kila siku kwa watoto ambao mifupa bado inakua. Nampenda sana aliyeifikiria maana hakugusa kitufe kilichokwama kabisa. Seli ya gegedu ina kipokezi kingine, cha pembeni, kinaitwa NPR-B, kikibonyezwa chenyewe kinatuma ujumbe unaoziba ule msururu wetu pale kwa RAF. Kengele inalia getini lakini waya umekatwa kwenye korido, sebuleni kelele inapungua. Ukiijua njia ya ujumbe unapata sehemu nyingi za kuingilia, sio lazima pale palipoharibika.

Sasa twende kwenye kansa ya mapafu, hapa nitaenda haraka kidogo alafu nipunguze. Kipokezi kinaitwa EGFR, hiki kwenye seli za mapafu kinasema gawanyika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kulikuwa na dawa mpya ya kidonge, gefitinibu, inayoingia kwenye kamfuko kadogo kwenye miguu ya EGFR, pale inapokaa ATP, kemikali inayobeba nguvu ya seli, na kukizima. Wagonjwa wengi haikuwasaidia kitu. Lakini kama mmoja kati ya kumi, wengi wao watu ambao hata hawajawahi kuvuta sigara, uvimbe uliyeyuka, mtu aliyeletwa kwenye kiti cha magurudumu anaondoka anatembea. Madaktari wakawa wanaumwa kichwa, dawa ileile, kansa ileile, kwa nini huyu na sio yule. Mwaka 2004 watafiti wa Boston wakasoma jeni ya EGFR kwenye uvimbe wa wale waliopata nafuu wakakuta ina mutesheni. Ama kipande kidogo kimefutika, ama nafasi ya 858 lusini imekuwa arjinini. Wale ambao dawa haikuwasaidia, wengi EGFR yao ilikuwa nzima.

Naomba mlione hilo vizuri. Dawa ilikuwa nzuri toka mwanzo, kilichokosekana ni kufungua kengele kwa bisibisi kabla ya kuitibu. Mgonjwa ambaye kitufe chake hakijakwama unampa dawa ya kufungua kitufe, unategemea nini? Asia Mashariki karibu nusu ya wenye kansa ya mapafu ya aina inayoitwa adenokasinoma wana mutesheni hizo, Ulaya ni wachache zaidi, kwa hiyo huwezi hata kukisia kwa kumwangalia mtu, lazima kipimo cha uvimbe wenyewe.

Na kansa haikai kimya. Baada ya miezi, mara nyingi mwaka hivi, dawa inaacha kufanya kazi, na kwenye nusu ya wagonjwa au zaidi kidogo ukipima unakuta mutesheni ya pili kwenye kipokezi kilekile, nafasi ya 790, threonini imekuwa methionini, kipokezi sasa kinaishika ATP kwa nguvu zaidi na dawa inasukumwa nje. Ikatengenezwa dawa nyingine, osimetinibu, ikaruhusiwa Marekani mwaka 2015, yenyewe inajifunga kabisa na kipokezi kwenye nafasi ya 797 haibanduki. Mnajua kilichofuata? Mutesheni kwenye 797. Mimi nikisoma hizi habari usiku huwa naumia, kweli, maana nyuma ya kila namba kuna mtu aliyerudi kazini miezi kadhaa akaamini imeisha.

Kuna mtego mwingine humo. Wakati mwingine kipokezi ni kizima na kilichokwama ni RAS, yule wa kwanza kwenye msururu. Kansa ya utumbo mpana ndo ilitufundisha, kuna dawa za sindano zinazoziba kichwa cha EGFR, kwa mgonjwa ambaye jeni yake ya KRAS, mmoja wa kina RAS, imebadilika hazifanyi kitu, utang'oa kitufe getini na kengele inaendelea kulia kwa sababu waya umegusana ndani ya ukuta. Ndo maana siku hizi wanapima KRAS kwanza.

Sio kila mutesheni ya kipokezi ni balaa, hapa ukumbini wengi wetu tunayo moja na imetulinda. Kwenye chembe nyekundu za damu kuna kipokezi kinaitwa Duffy, jina la mgonjwa ambaye damu yake ndo ilikitambulisha mwaka 1950. Mdudu wa malaria aina ya vivaksi anakitumia kama mlango. Waafrika wengi wa kusini mwa Sahara tuna herufi moja imebadilika, na sio ndani ya kipokezi chenyewe, ni kwenye maandishi ya kabla yake, pale panaposema kitengenezwe wapi. Matokeo yake chembe nyekundu hazikitengenezi, sehemu nyingine za mwili zinakitengeneza kama kawaida. Vivaksi akija anakuta ukuta mtupu hamna kitasa. Ndo sababu kubwa malaria yetu hapa ni ile nyingine, falsiparamu, yenye milango yake. Ingawa tusijisifu sana, Madagaska na Ethiopia wamepatikana watu wasio na Duffy na vivaksi kaingia.

Na hiyo herufi ina jambo la pili ambalo manesi na madaktari mliopo naomba mlibebe. Watu wasio na Duffy kwenye chembe nyekundu wana kawaida ya kuwa na nyutrofili, aina ile ya chembe nyeupe, chache kwenye damu kuliko viwango vilivyoandikwa kwa kupima Wazungu. Mtu mzima wa afya anaambiwa kinga yako ipo chini, anaanza kukosa usingizi, wengine wanapunguziwa dozi ya dawa za kansa kwa sababu hiyo, kumbe ndo kawaida yake ya kuzaliwa.

Haya, maswali. Mama wa kitambaa cha njano.

Anauliza kisukari, kama insulini ipo na sukari haishuki ni kipokezi kimeharibika? Asante mama, swali zuri mno. Kisukari kile cha ukubwani, kwa watu walio wengi sana, kipokezi cha insulini hakina mutesheni. Kitufe kizima. Tatizo liko ndani, kwenye msururu, uzito na mafuta yaliyojaa kwenye ini na misuli yanafanya wale wanaopokezana ndoo wachoke, ujumbe unafika umefifia, na kongosho linaongeza insulini mpaka lenyewe linashindwa. Wapo watoto wachache mno duniani wanaozaliwa na kipokezi cha insulini kiziwi kabisa, damu yao imejaa insulini na bado sukari haitulii, na wengi hawafiki mbali. Kwa hiyo mama, kwako wewe habari ni njema kidogo, msururu uliochoka unaweza kuamshwa, kutembea kunausaidia, kupunguza uzito kunausaidia, na vidonge ulivyopewa usiviache.

Kijana pale nyuma, ongea kwa sauti. Ualbino ni kipokezi? Hapana, na nashukuru umeuliza maana watu wanachanganya. Kwa hapa Tanzania aina inayoonekana zaidi inatokana na jeni ya OCA2, kuna kipande cha herufi kama 2,700 kimefutika, na hiyo protini haipo kwenye ukuta wa nje kusikiliza ujumbe, ipo ndani kwenye kiwanda cha rangi. Hapo kengele imelia, mafundi wameamka, mashine ndo haifanyi kazi. Kipokezi cha rangi kipo, kinaitwa MC1R, kikiwa kizito wa kusikia mtu anakuwa na nywele nyekundu na ngozi nyeupe inayoungua, kama wale wa Scotland na Ireland. Njia ni moja, pametofautiana mahali pa kosa. Na huyo ndugu wa OCA2 anahitaji kofia pana, nguo za mikono mirefu na mafuta ya jua, jua la Dodoma sio la kuchezea.

Mzee wangu, shikamoo. Umetoka Hombolo? Karibu sana. Mzee anasema mimi nimesema ya watu tu, na shamba lake la mtama limeliwa na kiduha, je mimea ina vipokezi? Mzee umenigusa penyewe, nilitaka kuiacha hii kwa sababu ya mda, sasa siiachi.

Kiduha mnamjua, kaua kazuri ka rangi ya zambarau, chini kameng'ang'ania mzizi wa mtama kananyonya. Mmea mmoja unatoa makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na mbegu inalala ardhini hata zaidi ya miaka kumi ikingoja. Inangoja nini? Mtama ukikosa fosfati ardhini mizizi yake inatoa kemikali, strigolaktoni, inawaita fangasi wazuri wa udongoni waje wasaidie kuleta chakula. Ni kilio cha njaa. Kiduha anakisikia hicho kilio. Mbegu yake haina chakula cha kutosha kuutafuta mzizi ulio mbali, ikiota bila mtama karibu inakufa, kwa hiyo lazima isikie kwa usahihi. Mwaka 2015 ikaonekana inasikiaje. Kuna kipokezi ambacho mimea ya kawaida inacho kimoja au viwili, cha kusikia kemikali nyingine kabisa ya jamii ya zile zinazotoka kwenye moshi wa majani yaliyoungua. Kwa kiduha jeni hiyo imejinakili tena na tena, kiduha wa mtama anazo kama 11, na nakala nyingi zimepata mutesheni, kamfuko kakapanuka, sasa vinasikia strigolaktoni. Kimoja chao, kinaitwa HTL7, kinasikia hata zikiwa chache mno, ukiweka chembe kidogo ya hiyo kemikali kwenye bwawa kubwa bado atajua. Ndo ile niliyosema mwanzo, kipokezi kinachosikia ujumbe usiokihusu, na kwetu kimekuwa njaa.

Ila mzee, mtama nao umebadilika. Kuna mtama ambao jeni yake moja, LGS1, imepotea, unaendelea kulia njaa lakini kwa strigolaktoni ya umbo lingine, fangasi wanasikia na mbegu nyingi za kiduha hazisikii, haziamki. Profesa Gebisa Ejeta, mzaliwa wa Ethiopia, alifanya kazi ya mtama unaovumilia kiduha miaka mingi akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009, na mbegu zilizotokana na kazi hiyo zilitolewa hapa nchini mwaka 2002, Hakika na Wahi. Waulize watu wa kituo cha utafiti palepale kwenu Hombolo. Na samadi weka mzee, mtama ulioshiba haulii sana.

Wa mwisho, binti umenyoosha mkono mda mrefu na kengele yangu ipo kwako. Ongea. Anasema, mwalimu umesema vinashikana jozi ndo vinawaka, sasa kama kipokezi hakina kosa hata herufi moja lakini vimekuwa vingi sana kwenye ukuta mmoja, si vitagusana vyenyewe bila ujumbe?

Unaitwa nani? Kidato cha ngapi? Cha tatu. Jamani. Njoo hapa mbele, shika kengele wote wakuone.

Ndiyo. Vitagusana. Kuna kipokezi kinaitwa HER2, kwenye kansa ya matiti kama wanawake 15 mpaka 20 kati ya 100 jeni yake imenakiliwa mara nyingi kupita kiasi kwenye uvimbe, ukuta wa seli umejaa vitufe vizima kabisa, havina kosa la herufi, vimebanana mpaka vinabonyezana, na ndani ujumbe wa gawanyika haukatiki. Na dawa yake sio ile ya kamfuko ka ATP peke yake, mwaka 1998 Marekani waliruhusu trastuzumabu, kingamwili kinachokaa kwenye kichwa cha HER2 huku nje, kinazuia visishikane na kinaziita chembe za kinga zije. Kabla ya hapo wanawake wa aina hiyo walikuwa wanafariki mapema kuliko wenzao. Mtu aliuliza swali kama la kwako, alafu akaenda kuhesabu vitufe.

Kaa na hiyo kengele wiki hii, nenda nayo nyumbani uifungue. Bisibisi ninayo kwenye begi, ngoja nikupe.